Siku Niliyovishwa Jina la Shangazi

Shangazi yangu alipofariki kule Msangano nilikuwa na miaka arobaini na minne, mke wa mzee wa kanisa, na kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya yetu ya Tunduma. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyofanya jambo liwe gumu. Ningekuwa mtu wa kukaa benchi la nyuma, pengine hakuna ambaye angeniuliza kitu.

Tulimzika kwa taratibu za kanisa. Siku ya tatu, tukiwa bado msibani, baba mkubwa aliniita nyuma ya ghala la mahindi. Yeye ni kaka wa marehemu, na tangu baba yangu afariki ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mwanangu, wazee tumekaa," akasema. "Jina la shangazi yako, tumekuona wewe."

Nilijua anachomaanisha. Kwenye ukoo wetu jina la mtu mzima haliachwi likapotea. Miezi kadhaa baada ya mazishi ndugu hukutana, na mtu aliye hai huvishwa jina la marehemu. Kuanzia siku hiyo watoto wa marehemu wanakuita mama, hata kama wamekuzidi umri. Kwenye harusi na misiba unakaa alipokuwa akikaa yeye. Ugomvi uliokuwa unapelekwa kwake unaletwa kwako. Siku yenyewe hupikwa pombe ya ulezi, na wazee huwaambia waliotangulia kwamba nafasi imepata mtu. Hapo kwenye kusema na waliotangulia ndipo kanisa letu linapokataa.

"Baba, mimi ni mtu wa kanisa," nikamwambia.

"Na shangazi yako alikuwa mtu wa wapi? Si ndiye aliyekufundisha kusali?"

Hilo lilikuwa kweli. Nilipokuwa mdogo mama aliugua muda mrefu, nikalelewa na shangazi kwa miaka miwili. Sala ya Bwana niliijua kwanza kwa Kinamwanga, nikiwa nimepiga magoti naye kando ya kitanda chake cha kamba. Lakini shangazi huyo huyo, mavuno yakiingia, alikuwa akidondosha unga kidogo kizingitini kwa ajili ya mama yake aliyekufa zamani. Ukimuuliza, alijibu, "Namsalimia tu." Utotoni sikuona shida yoyote. Nilipokuwa mkubwa na kufundishwa, niliiona, nikamwonea aibu. Leo aibu ile ndiyo inayonitia aibu.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Yeye ni wa Mbozi, kwao walikuwa Wakristo na wakulima wa kahawa tangu enzi za babu yake, na mambo kama haya kwake ni hadithi.

"Ukikubali," akasema, "mimi nitasimama vipi mbele ya watu kwenye meza ya Bwana?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akifuta miwani yake, anaivaa, anaivua, anaifuta tena.

Tulikwenda pamoja kwa mchungaji. Ni kijana, umri wake hauna tofauti kubwa na wa kifungua mimba wetu, nami nilitegemea atanisomea kifungu kisha aturudishe nyumbani. Badala yake aliniuliza, "Mama, ni sehemu gani inayokusumbua?"

"Pombe. Na kusema na wafu."

"Na ni sehemu gani inayokuvuta?"

Hakuna mtu wa kanisani aliyewahi kuniuliza hivyo. "Watoto wake," nikasema. "Asipokaa mtu pale, hawatakuwa na kwao pa kurudi."

Alisema hana ruhusa ya kunipa, kwa maana kanuni za kanisa si zake. Ila aliniambia niende kwa wazee wa ukoo niwaeleze ninachoweza na nisichoweza, kisha nikirudi nilieleze baraza la kanisa ukweli wote, nisifiche kitu.

Basi nikarudi Msangano. Nilimwambia baba mkubwa kwamba nitakaa mkekani kama mila inavyotaka, nitavaa shanga, nitakuwa mama wa watoto wa dada yake. Pombe sinywi, na marehemu sisemi naye. Nitamwomba Mungu.

Alichorachora chini kwa fimbo yake kwa muda mrefu.

"Tukimwita Mungu wako," akasema, "atatukataza kumtaja dada yangu?"

"Hatakataza, baba. Mtajeni. Tutamshukuru Mungu kwa ajili yake."

"Basi dada yangu atapikiwa togwa, si pombe."

Si wote walioridhika. Baba mdogo mmoja alisema hiyo si mila wala si ibada, ni mchezo. Akaondoka zake kwenda Ndalambo, na siku ya shughuli hakuonekana.

Shughuli ilifanyika asubuhi, mpunga ukiwa umeshavunwa. Niliketishwa kwenye mkeka mpya. Wanawake wa ukoo walinivisha ushanga mweupe, wakanipaka unga kwenye paji la uso, wakanikabidhi jembe la shangazi, ambalo mpini wake ulikuwa umelainika kwa mikono yake. Nikasimama nikaomba. Sauti ilikuwa inatetemeka, mimi niliyezoea kuimba mbele ya mamia ya watu. Waliitikia amina, hata wale ambao nilijua wana pombe yao nyuma ya nyumba.

Kisha watoto wa marehemu wakaja kunisalimia mmoja mmoja. Watatu wa kwanza walipita vizuri, tukacheka, tukakumbatiana. Ndipo akatokea wa nne, binti yake mkubwa, ambaye sikuwa nimemwona miaka mingi. Ameolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na mwanamume ambaye shangazi hakumtaka. Siku ya kuondoka, yeye na mama yake walirushiana maneno makali, na tangu hapo hakukanyaga tena kwao. Habari za msiba zilimfikia kwa kuchelewa. Zilipomfikia, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, ndiyo maana msibani hakuja.

Alipiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwangu. Ananizidi miaka sita.

"Mayo," akasema, kama wanavyomwita mama huko anakoishi. "Mayo, nimekuja. Nilikutamkia maneno mabaya. Nisamehe."

Kwa ukoo, nilipaswa kujibu kama mama yake. Kwa nilivyofundishwa kanisani, mimi si mama yake. Mama yake yuko mbele za Mungu, na hakuna wa kumsemea. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Nilidhani amekataa kuja, kumbe alikuwa amesimama kwenye ua, nyuma ya watu wote. Uso wake haukuniambia kitu.

Ndipo nikakumbuka wiki za mwisho za shangazi, nilipokwenda kumuuguza.

"Mwanangu," nikasema, na neno hilo lilinitoka kwa shida, maana utotoni nilikuwa namwita dada. "Mimi ndiye niliyemuuguza. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, kuna mtu amekuja kutoka ng'ambo? Hakutaja jina. Kila asubuhi nilimjibu hapana, na kesho yake anauliza tena. Mtu mwenye kinyongo haulizi hivyo."

Alilia kwa sauti. Nikamwekea mikono kichwani. "Mimi nimekusamehe," nikasema. "Na Mungu akusamehe." Hapo na mimi nikashindwa kujizuia. Baba mkubwa alitusogelea, akasema taratibu, "Imetosha, inatosha," huku naye akifuta uso kwa kofia yake.

Njiani kurudi Tunduma, tulipoanza kupanda mlima, mume wangu akaniuliza.

"Ile habari ya kuuliza kila asubuhi ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Basi sioni dhambi. Ila wenzangu watasema vingine."

Na walisema vingine. Nililieleza baraza kila kitu, unga, ushanga, hata togwa. Mama mmoja mzee aliuliza ni nani aliyenipaka unga na alitamka nini. Mwishoni niliwekwa marudi miezi mitatu, yaani sishiriki meza ya Bwana wala siimbi. Mume wangu alitolewa nje wakati wa kuamua. Jioni hiyo ndiye aliyesonga ugali.

Ile miezi mitatu iliniuma. Kila Jumapili nilikaa kwenye benchi, nikiisikia sauti ya pili ikipotea njia, nikabana midomo. Nilimkasirikia baba mkubwa, nikawakasirikia wazee wa kanisa, kuna siku nilimkasirikia hata marehemu. Mchungaji alikuwa akija kututembelea, anakunywa chai, anazungumza habari za mvua na mbolea, na nilielewa kwamba kuja kwake ndiko kulikokuwa mahubiri yake.

Nilirudishwa. Baraza mpaka leo linabishana kuhusu jambo hili, kwa sababu baada yangu wametokea wengine wawili. Wanawake wa kanisani huja kwenye meza ninayouzia vitenge, wanashikashika vitambaa bila nia ya kununua, kisha wananong'ona, "Mwenzetu, wewe ulifanyaje?" Nawaeleza nilivyofanya. Kuwashauri siwezi. Ninajua kwamba kama shangazi asingekuwa anauliza zile asubuhi, nisingekuwa na la kumjibu yule binti, na sijui ningefanya nini.

Mwaka jana yule mwanangu wa ng'ambo aliozesha binti yake wa mwisho. Ibada ilifanyika kanisani kwao Nakonde, na ukumbini nikaketishwa kwenye kiti cha bibi mzaa mama, nikatakiwa niseme neno. Nilisema kwa Kinamwanga changu cha mjini, vijana wakacheka, mume wangu akafunga kwa sala. Yule baba mdogo wa Ndalambo alikuja pia. Alikula vizuri, akacheza kidogo, akaondoka bila kunisalimia.