Maji Yaliyotulia Jamhuri

Mhandisi wa meli amefariki mtaani Jamhuri, Nairobi, mbali kabisa na bahari, na nyuma ya nyumba yake ameacha tangi refu la saruji lililojaa maji. Ndani yake inaelea mashua ya mbao, ndefu kama mkono wa mtu mzima, imefungwa kamba. Alilala Ijumaa, hakuamka. Nilifika Jumamosi asubuhi kama tulivyokuwa tumepatana, nikakuta viti vya plastiki vimepangwa uani na wanawake wakimenya viazi.

Nilimfahamu kupitia kazi. Nilikuwa nikiandika kuhusu vyombo vya abiria vya ziwani, na ofisi moja katikati ya jiji ikanielekeza kwake, nadhani ili niondoke mlangoni. Alikuwa amesomea ng'ambo namna maji yanavyoishika meli: yanavyokwaruzana na ubavu wake, na nguvu inayopotea meli inapoinua mawimbi. Aliporudi, Nairobi ilimpa mabomba ya maghorofa, akayapanga mpaka alipostaafu. "Maji ya bomba hayana mawimbi," aliniambia siku ya kwanza, kama mtu anayemzungumzia jirani asiyesalimia.

Baada ya kustaafu akajenga tangi. Alitaka kujua jambo moja tu: kama chombo cha ziwani kikichongwa pua ya namna aliyoibuni, kitahitaji nguvu ndogo kuliko vya sasa. Alichonga mashua mbili, moja ya umbo la kawaida, nyingine yenye pua yake. Kamba ilitoka kwenye mashua, ikapita juu ya gurudumu dogo ukutani, na mwisho wake likaning'inia jiwe. Akifungua komeo linaloizuia kamba, jiwe hushuka, mashua huenda, naye hupima mwendo: kwa jiwe lile lile, iendayo kasi zaidi ndiyo inayohitaji nguvu ndogo. Kisha ni kusubiri, maana wimbi likigonga ukuta hurudi, na mashua ikivutwa kabla maji hayajatulia, kipimo hudanganya. Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukiyatazama maji. Niliwahi kumuuliza kama ana uhakika na hesabu zake. Akacheka. "Hilo ndilo swali. Nikikosea, nani hapa atanipinga? Wewe?"

Alikuwa amekwisha kuipima mashua ya kawaida wakati mifereji ilipokauka mtaa mzima. Jirani yake, mama anayeuza mboga, akaingia na mitungi.

"Injinia, kwetu mfereji inatoa hewa tu. Hiyo bahari yako si utugawie?"

"Mama, hiyo maji imekaa sana. Ina vumbi ya mbao."

"Kwani nimesema ni ya chai? Ni ya choo!"

"Chukueni basi."

Kufikia jioni tangi lilikuwa kavu. Mama yule, akiwa na mtungi wa mwisho, akamtania: "Na sasa meli itapanda basi?" Injinia alicheka kutushinda sote. Walipoondoka akaniambia taratibu kwamba mashua zote mbili lazima zipimwe katika maji yale yale. Angeanza upya.

Alingoja mvua, akaikinga paani mpaka tangi likajaa. Ijumaa akanibipu, nikampigia. "Ile ya kawaida nimemaliza tena. Njoo kesho tuvute hii nyingine. Maji yametulia."

Jiji letu lina watu wengi waliosomea jambo ambalo hakuna mwingine hapa anayelijua. Tunawapa kazi iliyo karibu, tunawaita Injinia, tunawasifu. Tunachowanyima ni ubishi. Nilikaa naye miezi mingi nikiuliza swali la kwanza tu, lile la mgeni. Mtu kama yule alihitaji mwenzake wa kuuliza la pili, na la pili halitaki shahada, linataka kusikiliza jibu la kwanza.

Jumamosi hiyo mifereji ilikuwa mikavu tena. Vijana wakaja na ndoo kuchota maji ya kuoshea sufuria. Mama yule akasimama mbele ya tangi. "Hii hapana. Nendeni mnunue ya mkokoteni." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye ulikuwa unakaa na yeye hapa. Hiyo kitu ikifunguliwa, tutajua kama alikuwa sawa?"

Nikamwambia tutaiona ikienda. Kujua ni jambo jingine.

Ninapoandika haya, komeo halijafunguliwa, na jiwe bado linaning'inia.