Nyota Niliyoitangaza Kanisani Birongo

Nakumbuka Sabato moja, nikiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, nilisimama mbele ya kanisa letu la Birongo nikawatangazia watu kwamba nimegundua jambo jipya mbinguni.

Mwanangu, nilikuwa nachunguza nyota ya nutroni, nyota ndogo iliyo nzito ajabu. Ilikuwa ikizungukana na nyota kubwa na kuinyonya gesi, na gesi hiyo ikiiangukia hutoa miale ya eksirei inayopiga kama mshipa wa damu. Setilaiti iliipokea miale hiyo, mimi nikaisoma kwenye kompyuta. Nikaona kila baada ya saa moja na nusu inapotea, kisha inarudi. Nikajiambia, ile kubwa inaikinga hii ndogo! Hata mhadhiri wangu sikumwonyesha kwanza. Raha ilinizidi, unajua ujana.

Jumatatu mhadhiri akaitazama grafu yangu, akaniuliza kwa upole, "Kerubo, setilaiti yenyewe huizunguka dunia kwa muda gani?"

Saa moja na nusu. Kumbe ni dunia yetu iliyokuwa ikiikinga nyota isionekane na setilaiti.

Nilimpigia baba simu nikilia. Alikuwa shambani akichuma chai. Nikamwambia sitakanyaga Birongo tena. Akaniuliza:

"Uliwaambia ukisimama wapi?"

"Mbele ya kanisa."

"Basi njoo usimame hapo hapo uwaambie."

Nikaenda. Nikasimama, nikasema nimekosea, nikaeleza nilivyokosea. Vijana wawili wakacheka. Kisha Magokoro Bosibori, bibi aliyenifundisha kuimba nikiwa mdogo, akauliza kutoka kwenye benchi lake, "Lakini nyota yenyewe bado iko?"

"Iko, Magokoro."

"Basi irudie, mwana wetu. Safari hii uangalie polepole."

Nikairudia. Nikaviondoa vipindi vyote dunia ilipoikinga, nikapima mapigo moja baada ya jingine. Baada ya miezi mingi nikaona yanawahi kidogo, kisha yanachelewa kidogo, nyota ikitusogelea na kwenda mbali katika mzunguko wake halisi. Nikampelekea mhadhiri kabla ya mtu yeyote. Alikagua wiki nzima, kisha akacheka kwa furaha.

Mwanangu, ukipata jambo la kukufurahisha, lipeleke kwanza kwa anayeweza kukukosoa. Ukikosea mbele ya watu, usiwakimbie. Jirekebishe mbele yao, kisha urudi kazini. Nyasae, Mungu wetu, akupe macho ya subira, na asikunyime watu wa kukuuliza maswali.