Karatasi ya Mahudhurio ya Bendi

Sheria ya karatasi niliitunga mimi, na niliitunga kwa hasira. Nafanya kazi masjala, kwenye mojawapo ya wizara zilizohamia Mtumba, Dodoma, na kazi yangu ni majalada: nani kaandika, nani kapokea, lini, saini iko wapi. Jumamosi mchana nilikuwa napiga besi kwenye bendi ya roki ya watu wanne. Mwimbaji wetu alikuwa afisa habari, mwanamume mwenye sauti nzuri na saa mbovu. Mazoezi yanaanza saa nane, yeye anaingia saa kumi na miwani yake ya jua, anaimba nyimbo mbili, halafu tukilipwa kwenye harusi anataka sawa na sisi tuliobeba spika. Siku moja nikachoka.

Nikawaambia kwamba ofisini hulipwi posho ya kikao kama hujasaini, na hapa itakuwa hivyo hivyo. Nikaleta karatasi yenye jina, saa ya kufika na saini. Asiyesaini hakuwepo, na asiyekuwepo hana fungu. Mpiga ngoma, ambaye ni dereva wa serikali na karatasi kama hizo anazijua fika, akacheka akasema sawa. Mwimbaji akasema namlenga yeye. Nikamjibu ndiyo. Mpiga gitaa akaipokea karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Yeye peke yake hakuwa mtumishi wa serikali. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwenyeji wa Chemba, na nadhani hakuwahi kusaini karatasi ya posho maishani mwake.

Nakiri kwamba niliifurahia ile sheria kuliko muziki wenyewe. Kwa miezi kadhaa nilimkata mwimbaji hela nikiwa na ushahidi mkononi, na kila akifoka nilifungua jalada nikamwonyesha. Ndiyo, bendi ilikuwa na jalada, la kijani, lenye namba.

Mazoezi tulifanyia kwenye nyumba ya mpiga ngoma kule Ihumwa, nyumba isiyo na dari wala plasta, aliyokuwa akiijenga kwa mwaka wa tano. Jumamosi moja ya kiangazi mpiga gitaa aliingia moja kwa moja kutoka karakana, ovaroli na yote, akachomeka waya na kuanza kupiga kabla hata hajatusalimia. Kilikuwa kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kilianza taratibu kwenye nyuzi nene, kikapanda, na kila nilipodhani kimefika kikarudi nyuma kidogo, kama mtu anayesahau kitu ndani kila akifika mlangoni. Jua lilikuwa linachoma bati, lakini mikono yangu ilipata ubaridi. Nikamfuata na besi, mpiga ngoma akaingia, mwimbaji akaanza kubabaisha maneno, na mengine yakakaa.

Katikati ya hapo karatasi ikapita. Tulisaini kwa zamu, mmoja akiacha kidogo wengine wakiendelea. Ilipomfikia yeye hakuweza kuacha, maana akiacha yeye wimbo wote unaanguka. Akanipigia kelele juu ya spika, “Dada, nisainie, mikono ina kazi!”

“Masjala hatumsainii mtu,” nikamwambia. “Utasaini ukimaliza.”

Akacheka. Alipomaliza simu yake ikaita, mteja anaulizia geti lake, akafunga gitaa na kukimbia. Niliiweka karatasi kwenye jalada ikiwa na saini tatu, nikijua atasaini wiki inayofuata. Wiki iliyofuata nilisahau.

Tuliupiga wimbo huo kwenye hafla moja ya wafanyakazi, na mtu mmoja mwenye biashara ya mabati akautaka kwa tangazo lake la redio. Kiasi alichotaja kilitufanya tutazamane kwanza. Halafu akaomba jambo moja dogo, majina ya watunzi, ili mwanasheria wake aandike mkataba. Watakaoandikwa ndio watakaolipwa, na wimbo utakuwa wao.

Tulikutana Ihumwa kuyaandika. Mwimbaji akasema wimbo ni maneno, na maneno ni yake. Mpiga ngoma akasema bila mdundo wake maneno hayo ni hotuba ya mgeni rasmi. Wakavutana hivyo nusu saa nzima, mpaka mwimbaji akasema wazi kwamba watu wanakuja kumwangalia yeye na sisi wengine tungeweza kuwa kaseti. Mpiga gitaa alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi. Alitulia kwa sababu hakuona ubishi uko wapi. Wote tulijua nani aliuleta ule wimbo, na hata waliokuwa wakigombana walikuwa wanagombea nafasi ya pili.

Mimi nilitaka kumzima mwimbaji. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Nikasema, “Acheni kelele, karatasi ya siku hiyo ipo,” nikiwa na uhakika kwamba itamwonyesha ameingia saa kumi, wimbo umeshakamilika. Nikafungua jalada mbele yao wote. Saa nane kamili, saini ya mwimbaji. Kumbe siku hiyo aliwahi. Ya mpiga ngoma. Yangu. Mstari wa nne ulikuwa mweupe.

 Nilitaka kulifunga jalada, lakini mwimbaji alikuwa ameshaona. Karatasi aliyoitukana miezi yote hiyo sasa aliishika kwa mikono miwili. “Asiyesaini hakuwepo,” akasema. “Si maneno yako hayo, dada?”

Nikamgeukia mpiga ngoma nikijua atapinga, maana yeye na mpiga gitaa walikuwa marafiki, na mageti na madirisha yote ya nyumba ile mpiga gitaa alimchomelea bure. Mpiga ngoma akatazama juu, mahali dari ilipotakiwa kuwa. Akasema sheria tuliipitisha wote. Sikuamini kwamba ni yeye aliyesema. Mtu mpole, mwanakwaya, dereva ambaye hata mbuzi akikatiza barabarani anamsubiri.

Mpiga gitaa akasimama. Hakuwa na hasira bado, alikuwa anashangaa tu. “Dada, wewe si ulikuwepo? Nilikuomba unisainie ukakataa. Waambie.”

Ilikuwa ni kusema tu ndiyo. Lakini nikisema ndiyo, karatasi imekufa, na mwimbaji angedai kila shilingi niliyomkata kwa karatasi hiyo hiyo, tena angenicheka kila Jumamosi. Na theluthi ni kubwa kuliko robo. Siwezi kujifanya sikuipiga hesabu hiyo. Niliipiga pale pale, mtu akiwa amesimama mbele yangu ananisubiri.

Nikamwambia, “Karatasi haina jina lako.”

Sauti ile naijua. Ndiyo tunayoitumia dirishani tukimwambia mzee aliyesafiri tangu Mtera kwamba barua yake haionekani, na aje wiki ijayo. Sikujua kwamba naweza kuitumia kwa rafiki yangu. Yeye akazungusha waya wake wa gitaa kwenye kiganja, akautia mfukoni mwa ovaroli. “Haya, kazi njema,” akasema, akatoka. Hatukumwita.

Mkataba ukasainiwa na watunzi watatu. Kabla mwezi haujaisha mwimbaji na mimi tukagombana tena, safari hii jina la nani litangulie, na mpiga ngoma akatia dari chumba kimoja akaacha kupokea simu zetu. Tulijaribu mpiga gitaa mwingine, kijana mwenye vidole vyepesi kweli. Alizipata noti zote, lakini wimbo ulisikika kama tangazo la mabati. Bendi ikafa bila mtu kutangaza. Redio haikufa. Asubuhi ofisini mtu akiiwasha, tunasikia gitaa lile, na wenzangu wananipongeza. Nilikuwa nawashukuru.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilipanda basi la Kondoa nikashuka Chemba. Nilisikia amehamishia karakana yake kwao. Mkobani nilikuwa na bahasha, fungu lake nililolitoa kwenye langu, na hotuba niliyoiandaa njia nzima. Nilimkuta uani kwao ananoa jembe. Alinikaribisha vizuri mno. Akanifutia kiti, akaniuliza habari za Mtumba, kama foleni bado ipo. Ningeona nafuu kama angenifukuza.

Mama yake akatoka jikoni na bakuli la karanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akamwuliza mwanawe kitu kwa lugha yao, ile yenye vidoko, milio ya kugonga ulimi kinywani. Yeye akamjibu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

“Ndiye huyu, mama. Ndiye mwenye ule wimbo.”

Mama akakaa karibu yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, anachagua kila neno. “Ule wa kwenye redio? Niliposikia mara ya kwanza, nikamwambia, mwanangu, huu si ule uliokuwa unampigia baba yako hapa uani, alipokuwa hawezi kuinuka tena? Akasema hapana mama, masikio yako yamezeeka. Huo ni wa dada mmoja wa Dodoma, tulikuwa tunapiga naye.” Akacheka kidogo, akajifuta macho na ncha ya khanga. “Basi mimi nausikiliza hivyo hivyo. Mzee aliupenda ule mwingine. Hongera sana, binti yangu. Mungu akubariki kwa kazi hiyo.”

Hatukujua. Hakuwahi kutuambia kwamba baba yake aliugua, wala kwamba alifariki, na wala sisi hatukumwuliza. Miezi ile yote nilijua saa aliyofika, basi.

Nikamtazama. Alikuwa ameweka jembe chini na ananitazama mimi, bila chuki yoyote. Aliniachia mimi nijibu. Mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikajisikia nasema, “Asante, mama.”