Bangili za Mkono wa Kushoto

Malati Redkar alikuwa amefiwa na waume kumi na mmoja kabla ya kufiwa na wa kwake. Wote kumi na mmoja walikufa jukwaani au mbele ya kamera, na wengine walilazimika kufa mara mbili kwa sababu mtu alipiga chafya katikati ya kilio. Mumbai nzima, kila nyumba yenye televisheni na mama mkwe, ilimjua: yule mjane wa tamthilia za jioni, mwenye sari nyeupe, anayejua kulia. Walimwita Malati Tai, dada yao mkubwa, kana kwamba walinyonya naye.

Hakuwa mtoto wa wakubwa. Baba yake alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha pamba pale Lalbaug, na mama yake aliwapikia wafanyakazi waliowaacha wake zao mashambani. Malati alikua kati ya moshi wa mikate ya mtama na kelele za wanaume wenye njaa. Alianza kuigiza akiwa na miaka kumi na sita, kwenye kikundi cha maigizo cha wafanyakazi, kwa sababu msichana aliyepewa nafasi ile aliolewa ghafla. Huko ndiko alikokutana na Dattaram, mtu wa taa, kijana mkimya mwenye vidole vilivyoungua. Dattaram hakuwahi kumwambia kuwa ni mzuri. Alimwambia, "Shavu lako la kushoto linapokea taa." Malati akaona hayo yanatosha, akaolewa.

Hawakujaliwa watoto. Kazi walikuwa nayo, na Malati hakuwa mtu wa kukaa chini kujihurumia.

Mjane wa sita aliyemwigiza ndiye aliyembadilishia maisha. Walikwenda kupiga picha Palaswadi, kijiji kilichozungukwa na mashamba ya miwa upande wa Kolhapur. Tukio lilikuwa la desturi ya kumvunjia mjane bangili zake siku mumewe anapokufa. Mwongozaji alimfundisha hatua kwa hatua, naye akazishika kama mtu anavyoshika njia ya kwenda kisimani. "Ukisikia ukelele wa kwanza wa wanawake, inamisha kichwa. Ukelele wa pili, toa mkono wakuvunjie bangili. Wa kushoto kwanza, kamera iko kulia. Mkono ukifika nusu, usimamishe kidogo niuone uso. Halafu umalizie." Wakapiga picha mara tatu, na mara zote tatu aliusimamisha nusu, pale pale palipotakiwa.

Baadaye mjane mmoja wa kijijini, Parubai, aliyekuwa ameajiriwa kulia na wenzake pembeni, akaja kuokota vipande vya kijani.

"Tai, mbona hivi havikati?"

"Ni vya sukari, dada. Wanayeyusha, wanatia rangi."

"Sukari! Hii ya chai?" Parubai akalamba kimoja, akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa upindo wa sari. "Lo, kumbe nyie mnafiwa kwa utamu!" Kisha akakunja mkono wa blauzi yake na kuonyesha makovu, meupe, yamezunguka kifundo cha mkono kama uzi. "Zangu zilikuwa za kioo."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilitoa mkono."

"Ukatoa! Huna mdomo wewe? Si ungekataa?"

"Mdomo ninao. Mkono ndio siku ile haukuwa wangu."

Malati alikasirika. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na iliwafaa watu wengi, hilo tusimnyime. Aliporudi mjini akaandika mchezo mfupi, akaanza kuzunguka nao vijijini kila alipopata wiki bila kamera. Ndani ya mchezo kulikuwa na mjane mjinga aliyesema, "Mkono haukuwa wangu," na shujaa, yaani Malati mwenyewe, akamjibu, "Ulikuwa wa nani, wa jirani?" Watu walikuwa wanavunjika mbavu. Parubai, ambaye sasa alifuatana naye kila mahali akibeba mfuko wa bangili, alikaa mbele na hakucheka. Malati akadhani hajaelewa utani.

Mchezo ukiisha, waliwavisha wajane bangili mpya za kijani, na wale wenye waume Malati aliwaambia maneno yale yale. "Siku hiyo ikifika, ficheni mikono nyuma. Semeni hapana. Neno moja tu, linawashinda?" Alisema hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Wengine walisema hapana, wakatengwa na koo zao, wakavumilia. Wengine walitoa mikono, na hao Malati aliwapitia kwa maneno makali kidogo.

Hatimaye Palaswadi wenyewe wakaitisha mkutano wa kijiji kupiga kura, desturi ile ipigwe marufuku au la. Ulipangiwa siku ya Jumatano. Parubai hakuwa na subira hata kidogo. Mume wa binti yake Sugandha alikuwa amelala ndani, tumbo limevimba, ini limekwisha, na madaktari walikuwa wameshamrudisha nyumbani.

"Nataka ipite kabla hajafa," Parubai alimwambia kwenye simu. "Binti yangu ana miaka ishirini na minne, Tai. Uje. Wakikuona wewe watanyoosha mikono."

"Nitakuja. Lini nimekosa?"

Jumapili, siku tatu kabla ya mkutano, Dattaram alikata kipande cha mkate wa mtama, akakichovya kwenye mchuzi wa dengu, akakiweka tena kwenye sahani, akainamia meza. Hivyo tu. Malati aliita, akamtikisa, akaita majirani, kisha akachukua sahani nyingine na kufunika chakula kile kisipoe. Baadaye alikumbuka jambo hilo na kuliona la kipumbavu, lakini hata upumbavu wake haukumuuma. Hakuna kilichomuuma. Alikuwa akisikia kila kitu kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu.

Nyumba ikajaa. Akaja Akka, dada mkubwa wa Dattaram, mwanamke wa miaka sabini na tisa aliyegombana na Malati juu ya bangili kwa miaka yote ishirini na miwili, kwenye kila harusi na kila msiba. Dattaram akaoshwa, akafunikwa, akawekwa maua. Malati aliyatazama maua akafikiri kwamba aliyeyapanga ameyajaza upande mmoja, na kamera isingeyaona. Alitafuta machozi. Kwenye kazi alitiwa gliserini chini ya jicho, na sasa alijikuta anamngoja binti wa vipodozi aje na kichupa.

Wanawake wakapiga ukelele wa kwanza. Malati akainamisha kichwa.

Wakapiga wa pili. Akatoa mkono. Wa kushoto. Ulipofika nusu, akausimamisha kidogo.

Akka alikuwa ameshika jiwe la kusagia viungo. Akalishusha. Bangili nane zikavunjika, na Malati akabaki vile vile, kichwa chini, akingoja mtu aseme "kata". Hakuna aliyesema. Ndipo akaona kitu chekundu kinadondoka kwenye sakafu, akashangaa ni nani kamwaga.

"We Malati!" Akka akapiga kelele, jiwe limemponyoka. "Mbona hukunizuia? Mimi nilijua utakataa! Nimeinua jiwe ili hawa wasije wakanisema, nikajua utanitukana kama kawaida yako, yaishe. Mbona hukusema kitu, mwanangu?"

Malati akamtazama. Mkono wa kulia haukuguswa, bangili zake nane zikabaki. Mlangoni, mmoja wa wale waliokuja msibani alikuwa ameinua simu, na kabla moto haujazimika kule walikomchoma Dattaram, picha ile ilikuwa imeshafika Palaswadi.

Parubai hakupiga simu. Jumatatu hakupiga, Jumanne hakupiga. Siku ya nne ya msiba mjane hatoki nje, lakini Jumatano alfajiri Malati alivaa, akaondoka. Akka alimwona, akageukia ukutani akajifanya amelala.

Mkutano ulikuwa uwanjani mwa shule. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, na Sugandha nyuma kabisa kwa sababu alitakiwa arudi haraka kwa mgonjwa. Yashwant Mane, mwenye miwa mingi kuliko wote, alikuwa amesimama na simu mkononi.

"Huyu hapa mama yenu wa hapana," alikuwa akisema. "Mtazameni anavyotoa mkono. Kwa upole kabisa! Hakushikwa, hakulazimishwa. Sasa jambo ambalo Malati Tai mwenyewe kalipenda, sisi ni nani wa kulipigia marufuku?" Watu wakacheka. Kisha wakamwona Malati mwenyewe amesimama pale, wakampisha.

Malati alikwenda mbele. Mtu mwenye sauti iliyozoea kumbi za watu mia nane, safari hii alizungumza kama anayeongea na aliye jikoni.

"Anasema kweli. Sikushikwa. Nilitoa mwenyewe." Akainua mkono wa kushoto, wenye vidonda vilivyoanza kukauka. "Miaka ishirini na miwili nimewaambia mseme hapana. Nilidhani ni suala la ujasiri. Jumapili ningeambiwa nitoe kichwa, ningetoa. Sikuwepo. Mtu aliyefiwa siku ile hayupo, jamani, na nyie mnamwendea na jiwe mnangoja yeye awazuie. Mimi nilikuwa nawalaumu wajane. Nilikosea. Msimngoje aseme hapana. Semeni nyie, leo, wakati waume bado wapo hai na akili zenu mnazo."

Akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi. Hakulia. Mane alisema neno, hakuna aliyemsikiliza.

Mwenyekiti akaitisha mikono. Ilihesabiwa mara mbili kwa sababu ilikaribiana, na marufuku ikapita kwa tofauti ya mikono saba. Wanawake walipiga vigelegele. Malati alisikia kwamba imepita, akajua kuwa anapaswa kufurahi, akajitafuta ndani na kukuta pako vile vile, patupu.

Parubai akaja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na mfuko wake. Wakatazamana.

"Nisamehe, Paru. Mkono haukuwa wangu."

"Najua," Parubai akasema. "Nilikuambia siku ile ya kwanza, nimeshika sukari yenu mkononi. Ukanifanya kichekesho, vijiji mia mbili."

Hakusema kwa hasira. Alichukua bangili moja ya kijani, akakusanya vidole vya Malati vya mkono wa kushoto, akaanza kuipitisha. Ilikuwa ndogo. Ikapita kwenye vifundo, ikafika kwenye kidonda, ikakwangua gamba.

"Aa!" Malati akauvuta mkono. "Inauma."

"Niache?"

Malati aliutazama mkono wake, damu mbichi imechomoza pembeni mwa kioo. Midomo ikaanza kumcheza, vibaya, bila mpangilio, kwa namna ambayo hakuna mwongozaji angeikubali.

"Inauma, Paru," akasema, na sauti ikakatika. "Datta amekufa."

"Ndiyo, Tai. Amekufa," Parubai akasema, akamvisha ya pili.