Mkono wa Tecla

Kitu cha kwanza utakachokiona kwa Tecla ni mkono wake wa kushoto. Anapotembea huuacha nyuma kidogo, vidole vimefunguka, kama mtu anayengoja mtoto aushike. Huuacha hivyo hata akiwa peke yake, na kikapu cha majani chai mgongoni. Majirani wa upande huu wa Silibwet hawamuulizi. Wenye umri wa kutosha wanajua kwamba mkono huo ulizoea kumshika Kipkorir, mdogo wake, muda mrefu kabla Tecla hajawa na mtoto.

Kipkorir hakutulia. Shuleni alichapwa kwa kutoketi, na nyumbani akachapwa kwa kuchapwa shuleni. Mwishowe mama yao, Sellah, akawa anamfunga kwa kamba ya ndama kwenye nguzo ya jikoni kila alipoenda kuchuma chai. Siku moja ya mvua kamba ilifunguka. Walimpata mtoni, chini ya shamba.

Miaka ikapita, Tecla akajifungua mvulana. Kwa kuwa alizalia nyumbani kwao, jina lilitafutwa katika ukoo wa babake Tecla, kama Wakipsigis wafanyavyo. Akina mama wazee walimzunguka mtoto, wakataja marehemu mmoja baada ya mwingine, wakingoja apige chafya. Anayetajwa wakati huo ndiye aliyerudi. Walitaja wazee wa heshima, waliokufa na mvi zao, na mtoto akalala tu. Kisha Sellah akanong'ona jina ambalo hakuna aliyelitarajia. Mtoto akapiga chafya.

Kanisani alibatizwa Nicholas. Jikoni, bibi yake alimwita Kipkorir.

Sasa Nicholas ana miaka minne na haketi. Akipewa uji, huacha kikombe na kumfuata kuku. Akiambiwa avae viatu, huvaa kimoja. Mwalimu Molly wa chekechea alimrudisha nyumbani katikati ya muhula, tena kwa upole. Shule haina ua, alieleza, na mto uko karibu. Mtoto akijifunza kuitika anapoitwa, atampokea.

Sellah alisikia hayo. Alitafuta kamba ya ndama, akaitundika kwenye msumari wa jikoni.

Kesho yake Tecla alimpeleka mtoto kliniki kutafuta dawa. Judy, muuguzi, alimtazama Nicholas akipanda dirishani, akacheka. Alisema kwa umri huo hawakimbilii vidonge, wala yeye hawezi kusema bado kama kuna ugonjwa. Watoto wengi wadogo wako hivyo, na daktari atamwangalia tena akikua kidogo. Kwa sasa, anayepaswa kufundishwa ni mzazi. Amwambie jambo moja tu, kwa maneno machache. Amwambie la kufanya, si la kuacha, na akilifanya amsifu hapo hapo. Siku zifanane, apate nafasi ya kukimbia, alale mapema.

"Na wewe, mama, mwachilie mkono kidogo," Judy akamalizia. "Unamshika kama mtu anayeibiwa."

Mchumaji wa chai hulaza ufito mrefu juu ya michai, achume tu majani yaliyoupita kwa urefu, shamba libaki sawa. Tecla akampa Nicholas kazi ya kuusogeza. Siku za kwanza aliugeuza mkuki wa kufukuzia mbwa. Tecla hakugomba. Alimsogelea, akamgusa bega, akasema, "Sogeza ufito." Akiusogeza, alisifiwa, kisha akakimbia hadi mwisho wa mstari na kurudi. Siku nyingine alisahau kabisa. Lakini alianza kurudi.

Alasiri moja ukungu ulipanda kutoka mtoni. Tecla alipogeuka hakuona mtoto wala ufito. Akateremka mbio akiita, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya msichana mdogo.

"Kipkorir! Kipkorir!"

Maji tu ndiyo yaliyosikika. Akasimama ukingoni, na hapo akahisi vidole vidogo vya baridi vikigusa kiganja chake cha kushoto. Hakuthubutu kutazama. Alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya kila siku, "Nicholas, leta ufito."

Michai ikatikisika mteremkoni, juu yake. Mtoto akatokea, ufito begani, magoti yana tope.

"Mbona hukuitika nikikuita?"

"Si mimi uliita, mama. Uliita yule mwingine." Nicholas akachungulia mtoni. "Kwani atakuja?"

Tecla akampangusa tope magotini. "Umeleta ufito," akasema. "Umeleta vizuri sana."

Jioni hiyo alimsihi mamake asimwite tena mtoto kwa jina lile.

"Nikiacha mimi, nani atamwita?" Sellah akauliza.

"Tutamwita pamoja, mama, tukimwombea. Lakini huyu ni Nicholas."

Sellah akaufukia moto kwa majivu. Kisha akatoa kamba msumarini, akaenda kumfunga ndama.

Jumatatu Nicholas anarudi chekechea. Mwalimu Molly atampa kazi ya kugawa vikombe vya uji, apate sababu ya kuinuka. Shati lake limeshapigwa pasi, linaning'inia kwenye msumari ule, naye huuliza kila asubuhi kama Jumatatu imefika. Tecla anaufundisha mkono wake kukaa mfukoni. Siku hiyo atamwachilia njiani, amwache atangulie, kisha amwite mara moja tu, kwa jina lake, aone kama atageuka.