Moshi Walioutazama Kutoka Angani

Ulikuwa ule mwaka wa kula majani ya nje ya kabeji, yale magumu ambayo miaka mingine tunawatupia ng'ombe. Viazi vilitoka shambani vidogo kama goroli, tukavichemsha na maganda, maana ukivimenya hubaki na kitu. Mvua ilikuwa imetukataa huku kwetu Kieni, chini ya mlima, kutoka Chaka mpaka Endarasha, na nyasi za juu mlimani zilikuwa zimekauka kama ufagio wa zamani. Moto ukaingia.

Kwetu, mlima ukiungua hungoji kuitwa. Wanaume wanapanda na mapanga na kuupiga moto kwa matawi mabichi. Sisi wanawake tunapika, tunawapelekea chakula na maji. Mwanangu wa mwisho alikuwa huko juu.

Sasa, mimi niliacha shule darasa la tatu. Lakini niko na mjukuu, msichana wa binti yangu mkubwa, aliyesoma mpaka akaajiriwa kwenye ofisi ya kuangalia picha za setilaiti. Najivunia huyo, na asiyependa anune. Moto ulipoanza alinionyesha kwa simu: mlima mweusi, moshi ukitoka ubavuni kama maziwa yakimwagika kwenye chai ya rangi. Wakipanga picha moja baada ya nyingine, wanajua upepo umegeukia wapi na moshi unaelekea kwa nani.

"Na watu wanaonekana?" nikamuuliza.

"Hapana, Shosho. Watu ni wadogo sana."

"Basi hiyo setilaiti yenu inaona kama wakubwa wa huku chini."

Akacheka mpaka akashika tumbo.

Siku aliyonipigia hakukuwa na kicheko. Nilikuwa naosha sufuria za mchana, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejificha.

"Shosho, Mjomba yuko wapi?"

"Juu. Kwenye bonde la mianzi."

"Mwambie ashuke! Upepo umegeuka. Moshi wote unaingia hilo bonde."

"Nani amesema?"

"Tumeona kwa picha."

"Picha ya saa ngapi?"

"Ya asubuhi. Mkubwa wetu anasema ati tungoje kibali kwanza, ndio tutangaze. Lakini mahoteli yaliambiwa mapema. Wageni wameshashushwa."

Wageni wameshashushwa! Watu waliokuja kuutazama mlima wetu walikuwa wameketi mjini Nanyuki wakinywa chai, na mwanangu, anayelala na kuamka chini yake, yuko ndani ya moto na tawi mkononi. Wao waliambiwa. Kwake yeye kilingojwa kibali.

Simu ya mwanangu haikushika, huko juu hakuna mtandao. Nikapanda mwenyewe na magoti yangu haya mabovu, jirani yangu akinifuata na kupiga kelele, "Mama, polepole, utaanguka!"

"Nikianguka niruke, uendelee!"

Hatukufika mbali. Tulikutana nao wakishuka, macho mekundu kama nyama mbichi, mwanangu amebebwa na wenzake, akikohoa vitu vyeusi. Moshi ulikuwa umewafikia kabla ya maneno.

Hakufa. Lakini mpaka leo akibeba gunia la viazi anaketi katikati ya shamba kutafuta pumzi, kama mzee, na mimi niliye mzee ndiye ninayemngoja.

Moto ulipozimika, yule mkubwa wa ofisi alikuja kwa baraza, kwenye uwanja wa kanisa, na picha kubwa kama mlango. Akatuambia teknolojia ndiyo imetuokoa. Mjukuu wangu alisimama nyuma yake, ameinamisha kichwa. Kijana wa kamera akanishika mkono kwa adabu.

"Mama, simama hapa kando ya picha. Sema asante, kidogo tu."

Nikasimama. Nikamtazama mkubwa, si kamera.

"Simshukuru mtu aliyeuona moshi ukimwendea mwanangu akanyamaza."

Watu wakaguna. Mzee wa kijiji akanivuta leso. "Mama, usituaibishe mbele ya wageni." Mkubwa akatabasamu kwa meno tu, akamwambia wa kamera, "Shosho hajaelewa. Futa hiyo, tuanze tena."

Wakaanza tena. Nikasafisha koo, nikapandisha sauti wasikie hata walioketi nje ya ua.

"Simshukuru mtu aliyeuona moshi ukimwendea mwanangu akanyamaza."