Neno "Vuta" Lilivyoniumbua Kijijini Gitting

Naandika haya bega likiuma bado. Nilikwenda kujitambulisha kwa baba yake Neema, mchumba wangu, nikamkuta shambani akilenga kwa bunduki visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na mashine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Umewahi kupiga?"

Nikamjibu kama nilivyozoea kumwambia Neema, kwamba nilifundishwa jeshini. Akanipa bunduki. Nikiwa sijaiinua vizuri, mzee akapaza sauti: "Vuta!"

Kumbe alimwambia mtu wa mashine arushe kisahani. Mimi nikavuta kifyatulio. Nikaanguka chali, na tairi la trekta lake likapasuka.

"Jeshi gani lilikufundisha hivi?" mzee akauliza.

Nikamtazama Neema anitetee.

"Baba," akasema, "hilo hata mimi nataka kulijua."